Mwaka Tangi Lilipojaa

Katika nyumba yetu, nje kidogo ya mji wa Mwingi upande wa barabara iendayo Garissa, mambo ya pesa huamuliwa na mume wangu, ya nguo na karo huamuliwa nami, na ya maji hayaamuliwi na yeyote ila Mwaitu. Mwaitu, yaani 'mama' kwa Kikamba, ni mama mkwe wangu, lakini pale kwetu kila mtu humwita hivyo, hata muuza mkaa. Yeye ndiye ajuaye mtungi upi ni wa kunywa na upi wa kuogea, na ole wake atakayechanganya. Maji yaliyoosha ndengu huosha sufuria, yaliyoosha sufuria hudekia sakafu, yaliyodekia sakafu hupelekwa kwa mpapai ulio nyuma ya nyumba. Mapapai yake, nakuapia, yana ladha ya sabuni.

Sijawahi kumlaumu. Mwaka wa 1961 alikuwa kitoto cha kuchunga mbuzi. Njaa ikaja, mafuriko yakaifuata nyuma, na chakula kikadondoshwa kutoka angani, ndiyo maana Wakamba wakaiita njaa ile Yua ya Ndeke, njaa ya ndege. Mwaka wa 1984 alikuwa na watoto wake, ikaja Nikwa Ngwete: nakufa huku ninazo mkononi. Pesa zilikuwapo, cha kununua ndicho hakikuwapo. Mtu aliyepita katikati ya hizo mbili akatoka mzima hafundishwi na mkaza mwana namna ya kutumia ndoo.

Tuna bomba pia, na bomba lina visa vyake. Maji ya mfereji ya Mwingi hutoka bwawa la Kiambere, kule mto Tana, mahali palipo chini yetu kwa mamia ya mita, kwa hiyo kila tone husukumwa na mashine kupanda hadi huku. Huja kwa zamu. Yakiwa hayapo, bomba hujaa hewa. Yakirudi, huikimbiza hewa hiyo mbele yake, nayo ikikosa pa kutokea hujibana konani. Bomba letu ni la plastiki, limelala juu ya ardhi, limepigwa jua miaka mingi hadi likawa gumu na kavu. Julai ya 2023 kona iliyo nyuma ya choo ilipasuka usiku wa manane kwa mlio ulioamsha mbwa wote wa mtaa.

Watu wengine bomba likipasuka hukimbilia koki. Mwaitu alikimbilia mabeseni.

"Usifunge!" alimpigia mwanawe kelele. Mwanawe alikuwa amesimama gizani na kikoi chake, mkono uko kwenye koki. "Hayo yameshapita kwenye mita. Ni yetu hayo. Lete ndoo!"

Na kweli, kwa hesabu, alikuwa na haki. Maji yaliyopita kwenye mita hulipiwa, yawe yamepita kwenye kona nzima au kona iliyopasuka. Tukakinga hadi alfajiri, watoto wakiwa wameshika tochi za simu, tukajaza kila kitu chenye tumbo: mitungi, masufuria, karai la kukorogea simenti, hata birika. Ndipo Mwaitu alipotoa ruhusa ya kufunga. Fundi wa mabomba alikuja na tyubu kuukuu ya baiskeli, akaikata vipande virefu, akaifunga kona ile mzunguko juu ya mzunguko, akaikaza kwa waya. Hadi leo imeshika, na huwezi kumwambia Mwaitu kwamba kuna namna nyingine ya kutengeneza bomba.

Lakini kisa chenyewe ni cha tangi.

Chama chetu ni cha wanawake, na kazi yake ya kwanza ni kujengeana matangi. Kila mwezi tunachanga. Zamu yako ikifika hupewi pesa mkononi, maana pesa ina miguu; unaletewa vifaa hadi uani: matofali, simenti, gata na mabomba yake, seng'enge. Mchanga tunaubeba wenyewe kutoka mtoni kwa mwethya, kazi ile ya mikono mingi iliyokuwapo Ukambani kabla ya benki. Zamu yetu iliangukia katikati ya mwaka 2021. Tukapangiwa tangi la lita 10,000, duara la matofali lenye kipenyo cha mita mbili na nusu na kimo cha mita mbili, nyuma ya jikoni, pale ambapo mteremko wa paa hukusanya maji ya nyumba nzima.

Matofali yakipanda, fundi huyazungushia seng'enge kwa nje, kuanzia chini hadi juu, akaikaza, kisha akaifunika kwa plasta. Ukitazama tangi lililokwisha huioni. Pengine hapo ndipo shida ilipoanzia: ni vigumu kuheshimu kitu ulichokilipia ambacho hutakiona tena.

Siku ya kuzungushia seng'enge mimi nilikuwa kwenye kibanda changu cha ushonaji mjini. Mwalimu, yaani mume wangu, alikuwa shuleni. Hufundisha fizikia, jambo litakalohitajika mbele. Nyumbani walibaki Mwaitu na fundi. Tuliporudi jioni tukakuta tangi limeshapigwa plasta, laini, la kupendeza, na Mwaitu anamsifu fundi kwamba ni kijana asiyeharibu vitu vya watu. Fundi mwenyewe hakuwa na uso wa mtu aliyesifiwa. Alikula, akapokea haki yake, akapanda boda boda, akaenda zake bila kuligeukia tangi.

Juma hilohilo boma la mbuzi nalo likapata sura mpya. Fisi walikuwa wamesikika upande wa mtoni, na hakuna aliyeshangaa. Boma la mbuzi nalo ni idara ya Mwaitu.

Kisha mvua ikakataa. Ilikuwa imeshakataa mwishoni mwa 2020, ikakataa tena masika ya 2021, na Septemba mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta akautangaza ukame kuwa janga la taifa. Vuli ya 2021 ikapita, masika ya 2022 yakapita, vuli ya 2022 ikapita. Misimu mitano mfululizo. Ndengu zilipandwa zikaoza au zikachomeka; mbuzi waliuzwa kwa bei ya kuku. Tangi letu lilikaa pale na mdomo wake mkavu. Watoto waliweka midomo kwenye mfereji wake wakaita majina yao ili yarudi kwa mwangwi. Mara mojamoja tulinunua maji ya punda, mitungi minne kwa kila safari, tukayamimina ndani yakaishia chini ya goti. Chini ya goti tangi lolote ni imara. Ukame uliwapa fundi, Mwaitu na tangi lenyewe sifa njema kwa karibu miaka miwili.

Na bado katika ukame uleule maji yaliua. Tarehe 4 Desemba 2021, ndani ya msimu uliohesabiwa kuwa umefeli, mto Enziu ulifurika ukalibeba basi lililokuwa likiwapeleka wanakwaya harusini Nuu. Walikufa watu zaidi ya 30. Mwingi nzima ilizika. Tangu hapo nimeona wanaume waliovuka mito mikavu tangu wakinyonya wakifika ukingoni, wakatazama maji yasiyofika magotini, wakageuza. Sisi watu wa nchi kavu tunayajua maji kwa kuyakosa. Tunajua bei yake, umbali wake, ladha yake ya chumvi na ladha yake ya tope. Uzito wake hatujapewa nafasi ya kuuzoea.

Ndipo ikaja vuli ya 2023. Idara ya Hali ya Hewa ilikuwa imetabiri El Nino. Oktoba Rais William Ruto akasema hadharani kwamba utabiri umebadilika na El Nino haiji. Mezani kwetu Mwalimu alikuwa upande wa idara, mimi upande wa rais kwa sababu nilikuwa na nguo za wateja za kukausha. Mwaitu hakuwa upande wa mtu. Aliwatazama kumbikumbi wakitoka ardhini jioni, akaenda kusafisha gata kwa fagio.

Novemba ikafunguka. Mvua iliyonyesha Mwingi mwezi ule ilikuwa ya watu waliokopa muda mrefu wanaolipa kwa siku moja. Barabara zikakatika, madaraja ya huku na kule yakasombwa, na habari za redio zikawa za Garissa, Mandera na Tana River kuwa chini ya maji. Kwetu, paa likaanza kuimba. Mwalimu akatupigia hesabu wakati wa chakula: paa letu ni kama mita mraba 80, kwa hiyo kila milimita moja ya mvua ni lita 80 tangini, na milimita 125 zinalijaza pomoni. Watoto wakamwuliza milimita 125 ni mvua ngapi. Akasema kwa mwezi huu, si nyingi.

Kila asubuhi Mwaitu alilipigia tangi hodi. Alianza juu, akashuka kwa kifundo cha kidole: ko, ko, ko, halafu ghafla du. Pale sauti inapozibika ndipo maji yalipo. Aliweka alama kwa mkaa. Alama zilipanda kutoka gotini hadi kiunoni, kiunoni hadi kifuani, na yeye akapanda nazo. Sijapata kumwona mama yule mwepesi hivyo. Aliwapigia simu wanachama. Mwenyekiti akaamua kwamba mkutano wa Jumapili utafanyika kwetu, ili wale ambao zamu zao zinakuja wajionee tangi lililojaa, maana wengi walikuwa hawajaona hata moja.

Siku mbili kabla ya mkutano lilijaa. Maji yakaanza kutoka kwenye bomba la ziada, lile fupi la juu ambalo fundi huliacha ili tangi lipumue. Yalitoka mengi, meupe, yakaanguka chini na kukimbilia shambani bila haya. Mwaitu alikuwa anakunywa chai. Alitoka na kikombe mkononi.

"Yanatoroka!" alisema.

Mwalimu akamweleza kwamba hivyo ndivyo inavyotakiwa, kwamba tangi likishiba lazima liteme. Mwaitu akamsikiliza kwa heshima. Mwalimu alipoondoka, akachukua gunzi la mahindi, akalivika kitambaa cha kaniki, akapanda ngazi na miaka yake sabini na kitu, akaziba. Mfuniko wa juu ulikuwa umeshakazwa kwa simenti siku nyingi kwa hofu ya watoto. Kwa hiyo maji yaliyotoka paani hayakuwa na pa kwenda tena ila kusimama ndani ya bomba la gata na kupanda humo, taratibu, kuelekea paa.

Jioni ile Mwalimu aliona unyevu chini ya tangi, upande wa jikoni. Doa la upana wa sinia.

"Linatoa jasho," alisema Mwaitu. "Tangi jipya hutoa jasho."

"Simenti inajifunga," alisema Mwalimu, mwenye shahada.

Lilipasuka Jumamosi, muthokoi ukiwa jikoni unatokota. Kwanza tulisikia mlio mfupi mkali, wa waya uliokatika. Halafu mwingine. Halafu kukawa na kimya cha kutosha mtu kuinua kichwa na kusema "hiyo ni nini", na Mwalimu ndiye aliyesema hivyo. Ukuta wa tangi ukafunguka pale penye doa, matofali yakaruka uani, na mlango wa nyuma ukaingia jikoni ukiwa umebebwa.

Mwalimu akapiga yowe ambalo kila Mkamba hupiga akishtuka, awe mtoto au hakimu: "Mwaitu!"

Kutoka chumbani ikaja sauti tulivu. "Niko hapa. Unaniitia nini usiku?"

"Tangi!"

"Limejaa?"

Mwalimu akatafuta neno, asilipate. Kifunga mimba wetu, amesimama juu ya kochi na maji yanapita chini yake, akamsaidia kumjibu bibi yake: "Susu, limebasti!"

Hapo Mwaitu alitokea. Maji yalikuwa yameingia sebuleni, yamefika karibu na magoti, ya rangi ya chai, yana punje za muthokoi juu yake na kiatu kimoja. Yalikuwa yakielekea mlango wa mbele, uliokuwa wazi. Mtu mwingine angetoa watoto, angeokoa redio. Yeye alinyoosha kidole.

"Mlango! Fungeni mlango wa mbele!"

Na Mwalimu, mtu mzima, baba wa watoto watatu, aliyesoma chuo kikuu, akaufunga. Nimemuuliza mara kadhaa kwa nini. Husema kwamba sauti ile ikiamuru, mikono yake hufanya kwanza. Kwa muda mfupi, basi, tangi letu lilikuwa sebule. Mwaitu akaanza kugawa mabeseni. Tukakinga. Sipambi hadithi: tulisimama ndani ya nyumba yetu tukateka maji kwa vikombe na kuyamimina kwenye mitungi, muthokoi na yote, na katika kazi ile kulikuwa na furaha fulani ya kipumbavu, ya kuwa na maji mengi kuliko vyombo kwa mara ya kwanza maishani. Kisha bawaba za mlango wa mbele zikachoka. Usiku ule kwa hiyo vilipasuka vitu viwili, na cha pili hakikuwa na sababu ya kupasuka.

Kila kilichoelea kilitoka. Meza ndogo, magunia, kuku waliolala jikoni, fungu la sare za shule nilizokuwa nimezishona kwa ajili ya Januari, masufuria, kalenda ya kanisa. Yote yakateremka uani gizani kuelekea bondeni, nasi tukabaki tumeshikana mikono tukihesabu watoto. Walitimia. Hakuumia yeyote, na hilo nalisema haraka kwa sababu tofali lililopita mahali ambapo mimi husimama kusonga ugali lilikutwa ndani ya kabati la vyombo.

Asubuhi tukatoka kutafuta mali yetu mtoni. Hatukufika mbali. Mwisho wa ua, pale ardhi inapoanza kushuka, boma la mbuzi lilikuwa limesimama wima, na kila kitu chetu kilikuwa kimening'inia juu yake. Sare za shule zilijipanga kwa safu, mikono imetandazwa. Masufuria yalilala chini ya waya. Kalenda ilikuwa imechomwa na mwiba katikati ya Novemba. Ndani mbuzi walitafuna kiazi kilichokuwa chetu, hawana habari.

Tulikuwa bado tunachopoa nguo, moja moja ili zisichanike, wanachama walipoanza kuwasili. Hakuna aliyekuwa na salio la kumpigia mwingine amwambie asije, au labda walikuwa nalo. Walifika na kanga zao nzuri na unga wa zawadi, wakapita kando ya nyumba, wakasimama mbele ya shimo. Kwa dakika moja hivi hakuna aliyezungumza. Kisha mwenyekiti akavua viatu, akakunja kanga, akaanza kuokota matofali, mazima huku, vipande kule, na wengine wakafuata. Mkutano wa kutazama tangi ukawa mwethya wa kulizika.

Mweka hazina ndiye aliyegundua. Mweka hazina wetu ni mama asiyeamini risiti hadi aone bidhaa. Alishika kipande cha ukuta kilichobaki kimesimama, akabandua plasta kwa kucha, akahesabu mizunguko ya waya kutoka chini kwenda juu. Alihesabu polepole, kwa sauti, na hesabu ikaisha mapema kuliko ukuta. Kati ya mzunguko mmoja na mwingine alipima shubiri mbili.

"Tulinunua roli mbili za seng'enge," akasema. "Mimi ndiye niliyebeba moja."

Hapo Mwalimu akaona nafasi ya kujikomboa. Alileta chaki, akachora duara kwenye ukuta wa jikoni ulio hai, akaanza somo. Maji, alisema, hulemea kwa tani moja juu ya kila mita mraba kwa kila mita moja ya kina. Tangi la mita mbili likijaa, chini kabisa kila mita mraba inasukumwa kwa tani mbili, na juu kabisa haisukumwi hata kidogo. Msukumo ule hauuvunji ukuta kwa kuuangusha. Huuvuta, huukaza kuzunguka duara, kwa kipenyo cha mita mbili na nusu ni mvuto wa tani mbili na nusu kwa kila mita ya kimo pale chini. Na tofali ni hodari wa kubebeshwa, si hodari wa kuvutwa. Mvuto wote unabebwa na waya. Ndiyo maana mizunguko ya chini husongamana na ya juu huachana. Aliendelea: bomba la ziada likizibwa, maji yakasimama hadi usawa wa gata, kina si mita mbili tena bali tatu, na kila namba aliyoitaja ya pale chini inaongezeka kwa nusu yake.

Wanawake walimsikiliza vizuri sana. Ni somo ambalo nimelifikiria mara nyingi tangu siku ile. Wengi wetu tumebeba kilo 20 za maji mgongoni tangu tukiwa wasichana na hatukuwahi kuambiwa kwamba yakisimama husukuma pembeni.

"Hayo mahesabu," akauliza Mwaitu, "yalikuwa wapi siku ya jasho?"

Mwalimu akaweka chaki chini.

Fundi alipigiwa simu, akaja kabla ya saa sita, na kwa namna alivyoshuka kwenye pikipiki ilionekana alikuwa amelisubiri jambo hili miaka miwili. Hakusubiri kuulizwa. "Mimi niliomba roli ya pili," alisema. "Niliomba mara tatu. Niliambiwa moja yatosha, kwani najenga jela? Nikatawanya niliyopewa."

Nani alimwambia? Fundi ni kijana aliyelelewa, alitazama chini. Macho ya wanachama yakaenda kutoka kwa fundi hadi kwenye ukuta, kutoka kwenye ukuta hadi mwisho wa ua, ambako suruali ya mwisho ya darasa la sita ilikuwa bado inapepea kwenye seng'enge iliyokazwa vizuri, mistari sita, iliyosongamana kwa chini ili mtoto wa mbuzi asipenye. Boma lile lilikuwa limejengwa kwa kanuni zote za fizikia. Tulikuwa tumelitazama kila siku.

Mwaitu hakukana. Alirekebisha leso kichwani.

"Fisi walikuwa wanakuja," alisema. "Mvua haikuwa inakuja. Ningezungushia kipi?"

Swali hilo, ukilitazama kwa macho ya mwaka 2021, lina jibu moja tu. Hakuna aliyelitoa. Naye akaona kimya kile akakitumia.

"Na kama si seng'enge hiyo," akaendelea, akinyoosha kidole kwenye masufuria, "vitu vyenu vyote leo vingekuwa Tana. Nani kati yenu ana tangi lililoshika sufuria?"

Mwenyekiti akaanza kucheka kwanza, akageuka pembeni ili acheke kwa adabu, asifaulu. Chama kina katiba, hata hivyo, na mweka hazina anaijua. Kifaa cha chama kilichotumiwa nje ya kazi yake hurudishwa kwa thamani yake. Boma halikung'olewa, maana fisi hawasomi katiba. Akatolewa beberu mmoja ndani yake, akapelekwa soko la Mwingi, na bei yake ikanunua roli mpya na simenti. Mwaitu alimsindikiza beberu hadi barabarani bila kusema neno kwa mtu. Pia ikapitishwa sheria mpya: tangi lolote la chama lisipigwe plasta hadi wanachama watatu wahesabu mizunguko kwa kidole. Wa kwanza kuchaguliwa katika kamati hiyo alikuwa Mwaitu, kwa sababu, mweka hazina alisema, yeye ndiye ajuaye njia ambazo waya hupotelea.

Kazi hiyo ameishika kwa ukali. Nimesikia kutoka Migwani na Kyuso kwamba mafundi wakisikia anakuja hukaza waya upya. Huuliza maswali ya Mwalimu kana kwamba ni yake, kina ni kiasi gani, mvuto ni tani ngapi, na fundi akijikanyaga humwambia akae chini, humchorea duara kwa kijiti mchangani.

Tangi letu lilijengwa tena baada ya kuvuna ndengu, mwaka 2024. Chini, seng'enge ilikaa kwa upana wa vidole vitatu. Mfuniko ulikuwa wa kufunguka. Ugomvi ukabaki mmoja tu, wa bomba la ziada. Fundi alikuwa ameshalichomeka na anapaka simenti pembeni yake Mwaitu alipomkaribia.

"Hili nisizibe?"

"Usizibe, Mwaitu. Tafadhali."

"Basi literemke kwenye pipa."

"Sawa, pipa. Na pipa likijaa?"

"Pipa tulitoboe karibu na mdomo, tulitie kibomba, kiende kwenye karai la mbuzi."

Fundi akamtazama Mwalimu. Mwalimu akatazama angani, akifanya hesabu ya milimita.

"Na karai la mbuzi likijaa, Mwaitu?"

"Karai likijaa," alisema, akiwa ameshageuka kwenda kutafuta pipa, "niite."